Tuisheni ya Baiolojia ya Madam, Majengo Moshi: mada ya utando wa seli ndo imenifanya nibaki

Wadau habari za jioni. Naona kila wiki mtu anauliza tuisheni gani ya Baiolojia ni nzuri hapa Moshi kwa PCB na CBG (zile kombi za fom faivu na siksi zenye Baiolojia), na majibu ni yale yale, nenda kwa fulani pepa anazipatia, nenda kwa fulani ana notsi fupi. Mi naomba niwaambie ya Madam pale Majengo, nasoma hapo sasa hivi na nalipa kwa hela yangu, sijatumwa na mtu. Nitaielezea kupitia mada moja tu, utando wa seli na zile protini za kiunzi zinazoushikilia kwa ndani, maana kwenye hiyo mada ndo unajua kabisa huyu mwalimu anaijua seli au anaijua pepa.

Mimi ni muuguzi ngazi ya cheti, natafuta fom siksi kama mtahiniwa wa kujitegemea ili niende digrii, kwaiyo naingia vipindi vya jioni nikitoka shifti na Jumamosi asubuhi. Wengi darasani ni watoto wa fom faivu na siksi, wananiita anti, halafu wapo wachache wa kozi za maabara na utabibu wanaokuja kuimarisha msingi.

Sehemu yenyewe ni banda la mabati uani kwa Madam, mabenchi ya mbao, ubao mmoja mkubwa, umeme ukikatika kuna taa ya sola. Elfu tatu kwa kipindi, ukilipia mwezi mzima inashuka, unatuma kwa simu au unampa mkononi, hakuna hela ya usajili wala ya fomu. Madam ni mtaalamu wa maabara mstaafu, maisha yake ya kazi yote amekaa na damu za watu chini ya hadubini, na hiyo ndo tofauti yake na wengine wote niliowahi kukaa mbele yao. Anafundisha kwa Kiswahili halafu ubaoni anaandika Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, na anakulazimisha useme jibu kwa lugha zote mbili kabla hajakuruhusu ukae.

Sasa twende kwenye mada. Sehemu nyingi utando wa seli unafundishwa hivi: mistari miwili ya fosfolipidi (molekuli za mafuta), vichwa nje mikia ndani, protini zimeelea humo katikati, mchoro wa wanasayansi Singer na Nicolson wa 1972, kariri, tunaendelea na osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando. Madam naye anaanzia hapo hapo, ila akishamaliza kuchora anageuka anauliza swali moja ambalo darasa zima lilikaa kimya. Kasema, wanangu, huu utando una unene wa nanomita 5 hivi, ni mafuta, tena ni laini unatiririka, mmesema wenyewe. Seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita kama 7 na nusu au 8, inapita kwenye kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, nyembamba kuliko yenyewe, na ikifika kwenye wengu inajipenyeza kwenye vipenyo visivyozidi mikromita 1 au pungufu, na hiyo safari inarudia siku 120 nzima bila kiini ndani wala uwezo wa kutengeneza protini mpya. Mbona haichaniki? Na ikishabanwa, mbona inarudi umbo lake?

Kuna dogo wa mbele akajibu kwa sababu utando unanyumbuka. Madam kamwambia hapana baba, ukiuvuta utando wa lipidi peke yake ukaongeza eneo lake kwa asilimia kama 3 au 4 tu unapasuka, kwaiyo tafuta jibu jingine. Hakumpa jibu siku ile ile, alituambia tukafikirie, na mi nilienda nalo mpaka wodini.

Kipindi kilichofuata ndo akaleta mirija. Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Damu ilikuwa ya ng'ombe, imetoka machinjioni asubuhi ile, imewekwa kwenye zile chupa za kifuniko cha zambarau zenye dawa ya kuzuia isigande, na kila aliyeshika alivaa glavu. Mirija mitatu ya kioo imesimama kwenye kishikio. Wa kwanza una maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ile ile tunayotundika wodini, wa pili maji matupu, wa tatu maji ya chumvi ya asilimia 0.9 halafu na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Anaweka matone mawili ya damu kila mrija, anatikisa taratibu, halafu anashika kipande cha gazeti nyuma ya mirija anaita mmoja mmoja asogee asome. Mrija wa kwanza huoni herufi hata moja, ni wekundu mzito umejaa ukungu, kwa sababu seli ni nzima na zinazuia mwanga. Wa pili unasoma gazeti vizuri kabisa, rangi ni nyekundu lakini inang'aa, seli zimejaa maji zimepasuka na hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, imetoka. Wa tatu nao unasoma, na hapo ndo watu wakashtuka, maana chumvi iko sawa sawa, hakuna maji yaliyoingia kwa nguvu, sasa nini kimepasua? Sabuni imeyeyusha mafuta. Yaani ndani ya dakika chache darasa zima limeona kwa macho kwamba utando ni mafuta na kwamba una kikomo chake, bila mtu kukaririshwa chochote.

Halafu akatupeleka hatua inayofuata. Kuna aina ya sabuni laini ya maabara inaitwa Triton X-100, wanasayansi wakiwekea seli nyekundu lipidi zinaondoka na protini nyingi za utando zinaondoka nazo, ila ukiangalia kwenye hadubini ya elektroni unakuta kuna kitu kimebaki, na kimebaki na umbo la seli. Hicho kilichobaki ndo kiunzi cha utando, na protini yake kubwa ni spektrini, ambayo Vincent Marchesi na mwenzake waliitenga kutoka kwenye seli nyekundu mwaka 1968, miaka kadhaa kabla hata ya ule mchoro wa 1972 tunaoukariri. Nilivyosikia hivyo roho iliniuma kidogo, mambo yamejulikana zaidi ya miaka 50 na kuna mtoto anamaliza fom siksi hajawahi kulisikia hata jina.

Ili tuone kiunzi kinavyokaa alitoa neti ya vitunguu, zile nyekundu za pale soko la Mbuyuni, akapulizia puto ndani yake mpaka likajaa. Ukilibonyeza puto kwa kidole linaingia, ukiachia neti inalirudisha, na kila nyuzi zinapokutana kuna fundo. Na Madam mwenyewe ndo wa kwanza kusema mfano huu una kasoro moja kubwa, kwenye seli neti iko upande wa ndani, chini ya utando, kwaiyo lazima iwe imefungwa na utando kwa kamba fulani la sivyo kila kitu kinaenda njia yake. Huo uangalifu naupenda sana, mwalimu anayekuonyesha mahali mfano wake unapokomea hatakuacha uandike upuuzi kwenye mtihani.

Akachora sasa. Spektrini ni protini ndefu, ina mnyororo wa alfa na wa beta umelala sambamba kichwa huku mkia kule, jozi mbili zinaungana vichwa kwa vichwa unapata kipande cha nanomita kama 200 kikinyooshwa chote. Ila kwenye seli iliyotulia hakijanyooka, umbali wa fundo hadi fundo ni chini ya nanomita 100, kwaiyo kuna akiba ya kuvutika na ndo maana seli ikibanwa kwenye kapilari inarefuka halafu inarudi. Fundo lenyewe ni kipande kifupi cha aktini, ndugu wa aktini ya kwenye msuli, na kila fundo linashikwa na spektrini kama 6, unapata pembe sita sita zimeenea chini ya utando wote. Protini 4.1 inakaza spektrini na aktini hapo kwenye fundo na wakati huo huo inashika protini ya glaikoforini C iliyopo kwenye utando. Kamba nyingine ni ankirini, inashika spektrini kwa chini na bendi 3 kwa juu.

Na hiyo bendi 3 sio mgeni jamani! Ni ile ile protini inayobadilisha kloraidi na baikaboneti tunayoisoma kwenye mada ya usafirishaji wa gesi, ziko kama milioni 1 kwenye seli moja. Madam alipotuonyesha hilo darasa likaguna, kwa sababu tumezoea hizo ni mada mbili tofauti za vitabu viwili tofauti kumbe ni protini moja inafanya kazi mbili, inasaidia usafirishaji wa gesi na inashikilia kiunzi.

Halafu akarudi kwa dogo wa mbele na lile swali. Seli nyekundu ina eneo la utando la mikromita za mraba kama 140, na ujazo wa mikromita za ujazo kama 90. Akamwambia baba, kokotoa, mpira wa duara wenye ujazo wa 90 unahitaji eneo kiasi gani? Dogo kapiga kikokotoo kapata 97. Kwaiyo seli ina utando wa ziada unaozidi mikromita za mraba 40, na ule utando wa ziada ndo unaoiruhusu kujikunja, kujipinda na kupenya bila kuvuta lipidi hata kidogo, wakati kiunzi cha chini kinahakikisha ule wa ziada haumeguki ukapotea na umbo linarudi. Lile ndo jibu. Dogo alikaa anatabasamu mpaka kipindi kinaisha.

Kwa mimi muuguzi lakini, uzito ulikuja alipoingia kwenye magonjwa. Kuna watu wanazaliwa na hitilafu kwenye ankirini, au bendi 3, au spektrini yenyewe, yaani zile kamba za kwenda juu zimelegea, utando unameguka vipande vidogo vidogo, eneo linapungua ujazo ukibaki karibu ule ule, na seli inageuka duara. Duara haina cha ziada, ikifika wenguni inakwama inaharibiwa, mtu anapata upungufu wa damu, macho ya njano, wengu mkubwa, baadaye hata mawe ya nyongo angali kijana. Ugonjwa huu umeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, kama 1 kwa kila 2,000. Upande mwingine kuna hitilafu za neti yenyewe kwenda pembeni, pale spektrini inapoungana na mwenzake, hizo zinafanya seli ziwe ndefu umbo la yai na zinaonekana zaidi Afrika hasa kwenye maeneo ya malaria, na wengi wenye nazo hawaumwi kabisa. Kamba za juu zikilegea unapata duara, neti ikilegea unapata yai, ukishaielewa hivyo hausahau na hauhitaji jedwali.

Hapo akatoa na slaidi zake za zamani zilizopakwa rangi, tukaangalia kwa lenzi ya 100 na tone la mafuta. Kwenye slaidi ya kawaida kila seli ina weupe katikati, kwenye ile ya duara weupe hakuna, seli ni ndogo na imekolea. Alikuwa na ya ngamia pia, na ngamia kumbe chembe zake nyekundu ni za umbo la yai kwa asili wala sio ugonjwa, na zinaweza kuvimba zikafika zaidi ya mara mbili ya ujazo wake bila kupasuka, ndo maana ngamia aliyekaa na kiu muda mrefu anakunywa maji mengi mara moja na haimdhuru. Kuna mtoto wa kutoka Longido darasani kwao wanafuga ngamia, alifurahi huyo mtoto sitasahau.

Selimundu naye alimpa nafasi yake, na hapa nilifungua daftari jingine kabisa. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na sisi wodini tunawajua kwa majina. Shuleni tunafundishwa ni hemoglobini basi, hemoglobini S ikikosa oksijeni inajipanga nyuzi na seli inapinda. Kweli kabisa. Ila kuna seli ambazo zimepinda na kurudi, zimepinda na kurudi, mpaka hata ukizipa oksijeni hazinyooki tena, na ukiondoa hemoglobini na lipidi zote ukabaki na kiunzi peke yake, kiunzi chenyewe unakikuta kimepinda. Yaani uharibifu umeshahamia kwenye neti. Nilikuwa najiuliza siku zote kwanini kwenye majibu ya maabara ya mtoto ambaye siku hiyo anacheza vizuri tu bado wanaandika seli mundu zimeonekana, sasa naelewa.

Halafu malaria, na hapa Kilimanjaro watu wa tambarare huku Chekereni na kwenye mashamba ya miwa ya TPC wanaijua vizuri kuliko wa kule juu. Kimelea cha falsiparamu kikishaingia kwenye seli nyekundu kinatuma protini zake kwenda chini ya utando, moja inaitwa KAHRP, inajishikiza kwenye spektrini na kutengeneza vinundu, na juu ya vinundu kinaweka protini nyingine, PfEMP1, ya kunasa kwenye kuta za mishipa ya damu ili seli isipelekwe wenguni ikaharibiwa. Seli nayo inakuwa ngumu, haijikunji tena. Kwa hiyo kimelea kinaiteka neti na kuitumia kwa faida yake, na ndo sababu mojawapo malaria kali inaziba mishipa midogo ya ubongo. Na kuna upande wa pili wa hadithi, watafiti majirani zetu wa Kilifi Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Cambridge Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwenye jarida la Nature habari ya aina ya damu inaitwa Dantu, ambapo utando wa seli umekaza zaidi ya kawaida, na walivyoangalia kwa video chini ya hadubini vimelea vinafika, vinagusa, vinashindwa kuingia. Mwenye nakala moja ya Dantu ana kinga inayofika asilimia 40 dhidi ya malaria kali, mwenye mbili hadi asilimia 70. Utafiti umefanyika hapo jirani tu, kwa damu za watu wa pwani yetu hii, na mwanafunzi wa Moshi anastahili kuusikia darasani.

Msuli aliupitia kwa kipindi kimoja na kwa mimi kilitosha kulipia mwezi wote. Seli ya msuli inavutwa kila ikifanya kazi, na chini ya utando wake kuna protini inaitwa distrofini, inashika aktini kwa ndani na kundi la protini za kwenye utando ambazo nazo zimeshika nyuzi za nje. Ilitambuliwa mwaka 1987, na jeni lake ni miongoni mwa jeni kubwa kabisa za binadamu, zaidi ya jozi milioni 2 za besi, ndo maana linapata hitilafu kirahisi. Protini hiyo ikikosekana, kila msuli ukijikaza utando unachanika kidogo, kalisiamu inaingia, vimeng'enya vinavuja kwenda kwenye damu, na msuli unakufa taratibu unageuka mafuta na kovu. Huo ndo ugonjwa wa Duchenne, jeni liko kwenye kromosomu X kwaiyo wanaougua karibu wote ni wavulana. Mtoto alikuwa anatembea vizuri, kwenye miaka 3 hadi 5 unaona anaanguka anguka, akitaka kuinuka toka chini anajishika mapaja anapanda kwa mikono, misuli ya nyuma ya miguu chini ya goti imejaa utadhani ana nguvu. Kina mama wanakuja wameshaambiwa mtoto mvivu, au kuna mtu kamfanyia kitu. Nilimuuliza Madam baada ya kipindi, nikamwambia Madam, mama wa namna hii mimi nimwambie nini. Akaniambia mwanangu, mwambie mtoto sio mvivu, mwambie ni kitu cha kuzaliwa nacho na sio kosa la mtu, halafu mwandikie rufaa siku hiyo hiyo apimwe kriatini kainesi, kimeng'enya cha msuli, maana msuli unaovuja unaonekana kwenye damu mapema sana kabla miguu haijachoka. Hili limeshabadilisha namna ninavyokaa na wazazi.

Mengine aliyapitisha haraka, vinyweleo vya seli za utumbo vilivyosimamishwa na vifungu vya aktini, na zile pete za aktini zilizotenganishwa na spektrini kila nanomita kama 190 kwenye mkia wa seli ya neva, zilizoonekana mara ya kwanza mwaka 2013 na timu ya Xiaowei Zhuang huko Marekani. Nyuzi tatu za kiunzi kwa ujumla, aktini nanomita 7, za kati 10, mikrotubuli 25, hizo kasema karirini tu, zinaulizwa.

Sasa mapungufu, maana yapo na mtu akienda ayajue. Hadubini ni moja na darasa la Jumamosi linajaa, kwaiyo foleni ya kuangalia slaidi inakula muda, ukikaa nyuma unaweza ukaangalia kwa sekunde chache tu halafu mwenzako anakusukuma. Mi ningemshauri Madam agawe Jumamosi iwe makundi mawili. Notsi za fotokopi zina michoro iliyofifia, ile ya ankirini na bendi 3 kwangu ilitoka doa jeusi nikachora upya kutoka ubaoni, kwaiyo njoo na penseli za rangi. Mvua ikipiga kwenye mabati husikii kitu. Na Madam hakimbizani na silabasi, mada ya saitolojia (elimu ya seli) peke yake aliikalia mpaka wazazi wengine wakaanza kulalamika, wapo waliowahamisha watoto wao kwenda kwa wanaosolvu pasti pepa kila siku. Siwalaumu, ada inauma na mtihani una tarehe. Kama umebakiza mwezi mmoja mtihani na hujashika kitu, hapa patakuchelewesha, bora utafute mtu wa maswali.

Ila kama uko fom faivu, au uko kozi ya afya na uliruka msingi, sijaona pengine hapa mjini wanapofundisha hivi. Maswali ya kueleza muundo na kazi ya utando mi sasa naandika kurasa na naelewa kila sentensi, na hata lile swali la kwanini seli nyekundu zinatofautiana kwenye maji ya chumvi ya viwango tofauti, ambalo kila mtu analijibu kwa osmosisi tu, naweza kueleza kwanini zingine zinapasuka mapema kuliko zingine kwenye kiwango kile kile. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ni ya hadubini na fotokopi.

Kundi jipya la fom faivu anaanza nalo Julai wakisharipoti shule, watahiniwa wa kujitegemea anapokea muda wowote ila anakuhoji kwanza kidogo kujua ulipoishia. Jioni kipindi ni saa kumi na moja, Jumamosi saa mbili, na mlango anaufunga kweli saa mbili na robo hata uwe umelipa. Unapanda daladala za Majengo hapo stendi, ukishuka uliza kwa Madam wa damu, hata watoto wanaocheza barabarani watakupeleka. Beba glavu zako mwenyewe na madaftari mawili, moja lisiwe na mistari kwa ajili ya michoro.